Hiari ya Mtu Aliyeteuliwa

Sentensi ile niliitunga mimi. "Ninatoa kiungo hiki kwa hiari yangu mwenyewe, bila kulazimishwa wala kuahidiwa chochote na mtu yeyote." Niliitunga miaka kadhaa nyuma, fomu ilipoletwa ofisini kwetu ikiwa kwa Kiingereza, nami ndiye mtafsiri wa nyaraka. Daktari mmoja kijana aliyekuja kuifuatilia alitaka neno "ridhaa" litoshe. Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba ridhaa ni kukubali jambo ambalo mwenzako amekwisha kulipanga, lakini hiari huanzia kwako. Alichoka kubishana na mtu mwenye kamusi nne mezani, akaniachia. Nilijisifu wiki nzima.

Sasa fomu hiyohiyo ilikuwa mbele yangu katika chumba kidogo cha hospitali hapa Dodoma, na safari hii sikuletewa niitafsiri. Mdogo wangu wa kiume, niliyempita miaka tisa, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila mwezi mashine ilimrudisha akiwa amepungua kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Mimi nilipimwa, figo yangu ikaonekana inamfaa. Kilichobaki ni kamati kuniona na mimi kutia sahihi.

Mezani walikuwa watatu. Madaktari wawili walikaa pembeni kimya, na katikati alikuwa afisa ustawi wa jamii, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alinipa shikamoo, akanipa kalamu, kisha akaiwekea mkono ile fomu.

"Mama, kabla hujasaini nina swali moja. Nani aliamua kwamba wewe ndiye utoe figo?"

Nilitaka kusema "mimi". Niliirudisha kalamu mezani.

Walioamua walikuwa wengi. Tulikaa kikao nyumbani kwa baba mkubwa, jirani na Hombolo, uani karibu na zizi, wanaume kwenye vigoda na sisi wanawake kwenye mkeka. Kwetu jambo zito haliamuliwi na mtu mmoja. Anayeamua peke yake huonekana ana kiburi, au ana lake analolificha. Kwa hiyo tulikaa. Baba mkubwa alieleza ugonjwa, akaeleza kwamba damu zilizokubali ni mbili, yangu na ya mdogo wetu wa kike aliyeolewa Mpwapwa. Wakaanza kutupima, na pale uani hapakuhitajika maabara. Mdogo wetu ananyonyesha. Ana mume, na mume lazima aulizwe, na mume akiulizwa ataleta wazee wake. Mimi niliachika zamani, watoto wangu wamekwisha kuwa watu wazima.

"Huyu hana wa kumuuliza," baba mkubwa alisema, akaninyooshea mkono. "Tumemsagula huyu."

Kusagula kwa Kigogo ni kuchagua. Maneno hayo mawili ni ndugu kabisa, ukiyaweka pamoja utaona yanafanana pua. Hata mama yangu akikaa na ungo wa mtama, akitoa punje mbovu na mawe, anasema anasagula. Siku ile nilikuwa punje. Aliuliza mzee kama yupo mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Macho yakanigeukia, nikasema, "Sawa, baba." Wanawake wakapiga vigelegele, na mama yangu akalia kwa furaha akiwa ameshika goti langu. Mdogo wangu mgonjwa alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni ya mlango na blanketi mapajani. Hakuulizwa kitu, naye hakusema kitu. Nyumbani kwetu mgonjwa haombi, huombewa.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Neno "hana wa kumuuliza" lilinichoma kuliko kisu chochote nilichokuwa nakisubiri. Nina miaka arobaini na mitatu, nina kazi, nina nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Wa kumuuliza alikuwepo. Ni mimi mwenyewe, niliyekuwa nimekaa palepale kwenye mkeka.

"Tumepata taarifa kwamba familia ilikaa kikao, na kikao ndicho kilichokuteua," alisema yule afisa. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nilisema. Ningeweza kudanganya, lakini mtu anayekuuliza hivyo anajua tayari.

"Hakuna ubaya familia kukaa. Ila sisi hatuwezi kupokea figo ya kikao." Aliivuta fomu upande wake. "Kamati inakaa tena baada ya wiki mbili. Nenda ukafikiri. Ukiona hutaki, nipigie mimi, usimweleze mtu mwingine. Familia tutaiambia vipimo vya mwisho vimeonyesha hufai, basi. Hatutasema zaidi, hata kwa mgonjwa."

Daktari mmoja alitikisa kichwa kukubali. Nilitoka mle chumbani. Niliingia nikiwa nimebanwa, natoka nimefunguliwa mlango, na huo mlango ndio ulionitisha.

Mama alikuwa kwenye benchi la korido, pochi yake mapajani, akitazama uso wangu apate jibu. Alikuwa amehamia kwangu pamoja na mwanawe ili amuuguze. Hasira zikanipanda. Nani mwingine angekwenda kuwasimulia watu wa hospitali habari za kikao? Mama yangu ana fahari ya mambo yaliyofanywa kwa utaratibu. Nilimwona kabisa kichwani mwangu akimweleza yule afisa jinsi tulivyokaa na jinsi wazee walivyosema.

"Umewaambia nini hawa watu?" nilimuuliza kwa sauti iliyowageuza wauguzi.

"Watu gani?"

"Mama, usinifanye mjinga. Wameahirisha kwa wiki mbili. Unajua wiki mbili kwake ni nini? Mdomo wako utamuua mwanao."

Alinitazama. "Mimi sikusema kitu," alisema, akafunga pochi yake. Sikumwamini. Tulirudi nyumbani kwenye gari moja, na kuanzia siku hiyo alipika, akafua, akanisalimia asubuhi, lakini akawa kama mgeni ndani ya nyumba yangu.

Watu wengine wakibanwa huenda kusali. Mimi hufungua kamusi. Ofisini nilisogeza kando ripoti niliyotakiwa kuimaliza, nikaanza kuwinda maneno ya kuchagua. Kuteua nilikuwa nakufahamu vizuri, maana mji wetu unaishi kwa kuteuana. Kila jioni watu wanakodolea simu waone nani kateuliwa. Mteule hashiki kalamu. Jina lake husomwa, naye hushukuru. Ndivyo nilivyofanya pale uani, nilisomwa nikashukuru. Lakini hiari niliipigania mwenyewe mbele ya yule daktari kijana, na sasa nilitaka kujua nilikuwa nimepigania nini.

Chumba cha jirani kuna mzee wa Kolo, Mrangi, anayesahihisha maandishi ya kila mtu na hasahihishwi na mtu. Alisoma chuo cha Kurani utotoni, Kiarabu anakijua. Nilikwenda kwake na daftari, kikazi.

"Shikamoo mzee. Hiari imetoka wapi?"

"Marahaba. Imetoka ilikotoka heri," alisema bila kuinua macho. "Mzizi mmoja. Mwenye kuchagua anatafuta lenye heri, ndiyo maana yake. Anayechukua tu kilicho mbele yake hajafanya hiari, ameokota."

Niliandika. Kisha akavua miwani, akaniambia jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. Katika sheria ya biashara waliyofundishwa chuoni kuna hiari kadhaa, na mojawapo ni hiari ya kikao. Mmekaa, mmepatana, bei imekubaliwa, pengine mmepeana mikono. Hata hivyo, maadamu hamjaachana, kila mmoja ana haki ya kughairi, na mwenzake hapaswi kununa.

"Hata kama kuna mashahidi?"

"Hata wakiwa mia."

"Na wakishaachana?"

"Basi, imekwisha hiyo." Alinitazama vizuri sasa. "Binti yangu, hili ni la kazi au la nyumbani?"

"La kazi, mzee."

"Haya," alisema, akarudisha miwani.

Nilikaa na maneno yale. Nilikuwa bado sijaachana na mtu. Namba ya simu ya yule afisa ilikuwa ndani ya mkoba wangu kwenye kikaratasi, na kila asubuhi nilipokuwa nasubiri chai ichemke nilikuwa nimekwisha kuamua nitapiga. Nilijipangia sababu, na zilikuwa nzuri. Ninaogopa kisu. Ninaogopa kubaki na figo moja halafu hiyo moja iniasi uzeeni, na ni kweli sina wa kunipikia uji. Watoto wangu niliwaeleza, wakasema, "Ni wewe tu, mama," jibu ambalo halimsaidii mtu. Kila jioni nilirudi nikakuta miguu ya mdogo wangu imevimba mpaka alama ya soksi imezama, na kikaratasi kikalala mkobani siku nyingine.

Yeye hakuniuliza chochote. Tuliambiwa sote kwamba kamati imeahirisha, akasema, "Sawa," basi. Alikaa barazani na jaketi, maana ulikuwa mwezi wa saba na upepo wa Dodoma mwezi huo hauna adabu, akimpigia simu kibarua wake kuhusu kupogoa mizabibu. Alimwelekeza tawi kwa tawi kama vile analiona. Acha hilo nene, kata lile la kushoto, acha macho mawili ya kuchipua. Nilimsikia nikiwa jikoni nikamchukia. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa mpole. Angelalamika kidogo ningepata pa kushika.

Wiki ya pili alipata homa. Alirudi kutoka kwenye mashine saa kumi jioni akitetemeka, meno yanagongana, mama akamfunika mablanketi yote ya nyumba pamoja na kitenge chake. Mimi nilisimama mlangoni na beseni la maji nikisubiri gari la kumrudisha hospitali. Na wakati nimesimama pale nilifikiri: akifa leo, sitalazimika kujibu. Sitamsingizia shetani. Wazo lilikuwa langu na lilikuja na nafuu ndani yake, kama mzigo ukitelemshwa begani. Kisha beseni likaniponyoka, maji yakajaa sakafuni, nikapiga magoti kuyakausha huku nalia kwa sauti. Mama alidhani nalia kwa ajili ya mgonjwa, akanishika bega kwa mara ya kwanza tangu siku ya korido. Sikustahili mkono ule.

Homa ilishushwa. Madaktari walisema mrija wa kumuunganisha na mashine umepata uchafu, wakaubadilisha, wakasema pia kwamba safari nyingine inaweza isiwe rahisi. Baba mkubwa alipiga simu akauliza hospitali inangoja nini wakati wazee walishamaliza kazi yao. Nilimwambia, "Wanafuata taratibu, baba." Neno taratibu alilielewa, akakata.

Siku ya kamati iliwadia nikiwa sijapiga simu, na sijaamua. Asubuhi nilivaa, nikatoka barazani kusubiri gari. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale, ameshavaa pia. Alinionyesha kiti.

"Dada, kaa kidogo."

Nilikaa.

"Mama hakusema kitu kwa wale watu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema."

Niliweka mkoba chini.

"Nilikuwa kwenye mashine, yule dada wa ustawi akapita kunijulia hali. Nikamwambia, dada yangu ametumwa na kikao. Nikamwambia mwiteni peke yake, na akitaka kukataa mmwekee njia ya kukataa ambayo mimi sitaijua." Alivuta pumzi, siku hizo maneno mengi yalimchosha. "Akaniambia ipo. Kwa hiyo najua walikupa."

"Una wazimu," nilimwambia. "Ungeweza kufa kwa hizo wiki mbili. Nusura ufe! Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Kwa sababu nilikuona pale kwenye mkeka. Ulisema sawa kama ulivyokuwa unasemaga sawa baba akikutuma maji, zamani. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, dada, na sikufungua mdomo. Wazee waliniombea, mimi mwenyewe sijawahi kukuomba." Alitazama nyayo zake zilizovimba. Halafu mdogo wangu, mwanamume wa miaka thelathini na minne mwenye mashamba na vibarua, akasema jambo ambalo kwetu mgonjwa halisemi.

"Naomba figo yako."

Hakuongeza "tafadhali", wala hakutaja marehemu baba, wala damu kuwa nzito kuliko maji. Aliomba kama mtu anavyoomba kitu kwa mwenye nacho, akakaa kungoja. Na mimi, ambaye kwa wiki mbili nilikuwa na sababu za kutosha kujaza daftari, nilizitafuta sikuziona. Woga niliuona, ulikuwepo mzima kabisa. Uchungu wa kikao sikuukuta.

"Ngoja kwanza," nilisema. Nikaingia ndani.

Mama alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimwambia nilikosea, nilimsingizia, nilimtukana mbele za watu, anisamehe. Aliendelea kutoa vijiwe, kimoja, cha pili.

"Nilikwambia sikusema kitu," alisema.

"Ulisema, mama. Sikusikia."

"Uwe unasikia." Akanipa ungo niushike, akanipangusa uso kwa ncha ya kanga yake, akachukua ungo wake. Kwa mama yangu hayo ni mengi.

Nilirudi barazani. "Nimekubali," nilimwambia mdogo wangu. "Na usinishukuru, nitaghairi." Aliinamisha kichwa nisiuone uso wake.

Chumba kilikuwa kilekile, na wale watatu walewale. Afisa alinipa shikamoo, akaiweka fomu mezani na mkono juu yake.

"Mama, nani aliamua?"

"Aliniomba mgonjwa mwenyewe, leo asubuhi," nilisema. "Nikamkubalia."

"Angekuomba ukakataa, ungeweza?"

"Kwa wiki mbili nilikuwa nakataa kila siku asubuhi. Namba yako hii hapa kwenye mkoba, imechakaa kwa kushikwa."

Mmoja wa madaktari alikohoa kuficha kicheko. Afisa hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akaondoa mkono. Niliisoma sentensi yangu tangu mwanzo. Bila kulazimishwa, bila kuahidiwa. Nilikuwa nimeorodhesha yote ambayo mtu asitendewe, na sikuweka mahali pa mtu kuombwa. Nilitia sahihi, herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la korido. Nilikaa kando yake.

"Kama ungekataa," alisema baadaye, "wangeniambia nini?"

"Kwamba sifai."

"Ningejua kuwa wamenidanganya."

"Najua. Halafu ungefanyaje?"

Alifikiri kidogo, mabega yetu yakigusana kwenye lile benchi jembamba.

"Ningekwambia pole kwa usumbufu wa vipimo," alisema. "Halafu tungerudi nyumbani."